Kununua Nyumba Kuukuu Mombasa: Mwongozo Kamili wa Fedha ya Kununua na Fedha ya Kukarabati

Nyumba ya ghorofa moja katika mitaa ya zamani ya Mombasa, yenye lipu iliyobambuka na boriti zilizoliwa na mchwa, huuzwa kwa bei inayomfanya mpita njia ajiulize mbona haijachukuliwa. Mara nyingi jibu ni kwamba waliiona wengi, wakaipenda, wakaenda benki, na benki ikawarudisha mikono mitupu. Mkopo wa nyumba ni jambo la wachache nchini Kenya: takwimu za Benki Kuu za mwaka 2023 zilionyesha akaunti takriban 30,000 tu za mikopo ya aina hiyo, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Nyumba iliyochakaa huongeza ugumu juu ya ugumu huo, kwa sababu benki hukopesha kwa thamani ya kile kinachoonekana leo, ilhali mnunuzi analipia kile anachokiona kichwani mwake.

Anayenunua nyumba mbovu anatafuta fedha mbili zenye tabia tofauti. Fedha ya kununua huombwa mara moja, hulipwa mara moja, na dhamana yake ni hatimiliki. Fedha ya kukarabati hutoka kidogo kidogo, kiasi chake hakijulikani kwa uhakika mpaka kuta zifunguliwe, na mara nyingi haina dhamana yoyote isipokuwa mshahara wako na watu wanaokuamini. Wanaokwama ni wale waliozichanganya mbili hizi katika hesabu moja, wakatumia akiba yote kwenye bei, kisha wakabaki na hati safi ya nyumba isiyokalika.

Hatua ya kwanza: jua ni nini hasa kinachouzwa

Kabla ya kuzungumza na benki, soma karatasi za ardhi. Pwani jambo hili lina uzito kuliko bara, kwa kuwa hapa mtu anaweza kuwa na nyumba yake halali, aliyoijenga babu yake, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine. Utaratibu wa nyumba bila ardhi umezoeleka Mombasa kwa vizazi. Mizizi yake ni ya kale, na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliupa nguvu, kwani ilimtaka kila anayedai ardhi ya pwani ajiandikishe. Waliojua na kuweza walijiandikisha, na wengine wengi walijikuta wapangaji juu ya viwanja walivyokalia. Mwenye nyumba wa aina hii hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja na anaweza kuuza kuta, paa, milango na haki yake ya kukaa, lakini hana hati ya ardhi.

Usitumie muda wako kutafuta benki itakayokubali nyumba ya namna hiyo kuwa rehani, maana hakuna hati ya kuandikishia dhamana. Njia zilizobaki ni fedha taslimu, mkopo wa Sacco unaosimama juu ya wadhamini, au makubaliano ya pande tatu ambamo mwenye ardhi naye anauza kiwanja siku hiyo hiyo. Njia hiyo ya tatu ni ngumu kuipanga, lakini ndiyo pekee ninayoweza kumshauri mtu aifuate iwapo ukarabati utagharimu mamilioni. Kumwaga zege na nondo juu ya kiwanja cha mtu mwingine, bila ukodishaji wa muda mrefu uliosajiliwa, ni kumjengea yeye.

Iwapo ardhi imo katika mauzo, wakili wako afanye uchunguzi rasmi katika masjala ya ardhi na aangalie mambo haya: jina la mmiliki, aina ya miliki, miaka iliyosalia kama ni ya kukodishwa na serikali, rehani zilizopo, na mazuio yaliyowekwa na watu wengine. Miaka iliyosalia ni muhimu kwa mkopaji, kwa kuwa benki haitakubali ukodishaji unaoelekea kwisha kabla au muda mfupi tu baada ya mkopo. Wakenya wa ughaibuni waliochukua uraia wa nchi nyingine na hawakurejesha wa Kenya wakumbuke pia kwamba Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa kipindi kisichozidi miaka 99.

Kisha uliza kuhusu mirathi. Nyumba nyingi za zamani bado zimeandikwa jina la marehemu, na anayekuonyesha nyumba ni mmoja tu wa warithi. Hata akiwa mkubwa wao, na hata akiwa ndiye mwenye ufunguo, hawezi kuuza mpaka mirathi ipite mahakamani, iwe ni Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu walioikubali au mahakama nyingine, na msimamizi apewe mamlaka yaliyothibitishwa. Benki haitatoa hata shilingi moja kabla ya hapo. Uliza vilevile kama nyumba ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Hukodishwa tu, chini ya uangalizi wa Makamishna wa Wakfu au msimamizi aliyewekwa, na ukiambiwa kwamba "familia imekubaliana kuuza," uliza hilo mapema katika ofisi inayohusika.

Jambo la mwisho la hatua hii husahaulika na huwa ghali, nalo ni wapangaji. Nyumba ya kuishi yenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi inalindwa na sheria ya kudhibiti kodi, na duka la chini mara nyingi lina upangaji unaolindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, ambayo hudai notisi ya kimaandishi ya angalau miezi miwili na humruhusu mpangaji kupinga mbele ya baraza. Mnunuzi aliyekopa kisha akashindwa kuwatoa wapangaji hulipa riba kila mwezi kwa nyumba ambayo fundi hawezi kuigusa. Katika mkataba wa mauzo dai kukabidhiwa nyumba tupu, na salio lisilipwe mpaka iwe tupu.

Hatua ya pili: mhandisi aje kabla ya mthamini

Desturi ni kumwita mthamini kwanza kwa sababu benki inamtaka. Mimi naona utaratibu huo ugeuzwe. Mthamini aliyesajiliwa atakuambia nyumba ina thamani gani sokoni leo na ingepata bei gani ikiuzwa kwa haraka. Hatakuambia kama ukuta wa nyuma utasimama mvua ya masika ijayo. Kwa hilo unahitaji mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, na baada yake mkadiriaji wa gharama za ujenzi atakayeigeuza ripoti kuwa orodha ya kazi, vipimo na bei.

Mhandisi anayezijua nyumba za pwani ataanzia mahali ambapo fundi wa bara huenda asitazame. Nyumba za kale za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, na ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama mita 3 au pungufu. Kuta hizo hunyonya unyevu na kuutoa. Wenye nyumba waliozipiga lipu ya saruji wakidhani wanaziimarisha waliufungia unyevu ndani, chumvi ikasukuma kutoka ndani, na lipu ikabambuka pamoja na uso wa jiwe. Ukiona lipu mpya ya saruji juu ya ukuta wa zamani, usiifurahie. Huenda imepigwa ili ipitie siku ya kuonyeshwa wanunuzi.

Nyumba za zege za miaka ya karibuni zina maradhi yao. Hewa ya bahari, na mchanga wenye chumvi uliotumika bila kuoshwa, huozesha nondo. Nondo iliyoshika kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Ufa unaofuata mstari wa nondo chini ya ubamba wa sakafu ya juu ni dalili mbaya kuliko ufa mkubwa wa lipu ukutani, ingawa mnunuzi wa kawaida huogopa huo wa pili. Mwambie mhandisi agawe ripoti yake katika mafungu matatu: yanayohatarisha maisha, yanayozuia nyumba kukalika, na yanayoweza kusubiri miaka mitatu. Fungu la kwanza na la pili ndiyo yatakayobeba hesabu yako, na ripoti hiyo hiyo ndiyo silaha yako ya kupunguza bei.

Hatua ya tatu: piga hesabu mpaka mwisho

Tuchukue mfano wa nyumba inayouzwa shilingi 6,000,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 240,000, na unalipwa na mnunuzi. Ada za wakili wako, wakili wa benki (ambaye pia unamlipa wewe), mthamini na mhandisi, pamoja na ushuru wa asilimia 0.1 wa kusajili rehani, tuziweke jumla 300,000. Mkadiriaji amekadiria ukarabati 2,500,000, nawe unaongeza asilimia 20 ya dharura, na kufikisha 3,000,000. Kwa nyumba ya zamani asilimia 10 haitoshi, kwa sababu gharama kubwa hujificha ndani ya paa na chini ya sakafu. Kodi ya nyumba unayoishi kwa miezi 6 ya kazi, 30,000 kwa mwezi, ni 180,000. Jumla kuu ni 9,720,000.

Sasa mthamini anaithamini nyumba, katika hali yake ya leo, kwa 5,500,000. Benki inatoa asilimia 80 ya thamani hiyo wala si ya bei, kwa hiyo unapata 4,400,000. Pengo la 1,600,000 kwenye bei ni lako, gharama za 540,000 ni zako, na kodi ya 180,000 ni yako. Umeshatoa 2,320,000 kutoka mfukoni, na bado hakuna fundi aliyeshika nyundo. Shilingi 3,000,000 za ukarabati zinatoka Sacco, ambako una akiba ya 1,000,000 na kanuni inakuruhusu mara tatu ya akiba.

Angalia malipo ya kila mwezi. Mkopo wa benki wa 4,400,000 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 14, ni karibu 58,600. Mkopo wa Sacco wa 3,000,000 kwa miaka 5, kwa asilimia 12 ya salio linalopungua, ni karibu 66,700. Deni lililo dogo, tena lenye riba ndogo, ndilo linalokunyonya zaidi, kwa sababu ya ufupi wa muda wake. Jumla ni karibu 125,300 kwa mwezi. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inakataza makato ya mshahara kupita theluthi mbili, na ndani ya theluthi mbili hizo zimo kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Mwenye mshahara wa 200,000 kabla ya makato hawezi kuubeba mzigo huu peke yake.

Njia iliyo salama ni kuigawa kazi. Awamu ya kwanza ihusu paa, nguzo, mabomba, nyaya za umeme na choo, tuseme kwa 1,500,000. Malipo ya Sacco yatashuka hadi karibu 33,400, na jumla itakuwa karibu 92,000, mzigo ambao mume na mke wenye mishahara miwili wanaweza kuujadili. Rangi, vigae na makabati ya jikoni vinaweza kusubiri.

Jaribu pia hesabu yako kwa riba iliyopanda. Kiwango cha msingi cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, na kufikia Februari 2024 kilikuwa asilimia 13. Waliokuwa na mikopo ya riba inayobadilika waliihisi safari hiyo kwenye hati zao za mshahara. Katika mfano wetu, riba ya benki ikipanda kutoka asilimia 14 hadi 17, malipo yanaongezeka kwa karibu 9,100 kila mwezi.

Hatua ya nne: chagua chanzo, na kila chanzo kwa kazi yake

Mkopo wa kawaida wa benki unafaa kununulia. Benki itataka hati, taarifa za akaunti, hati za mshahara au hesabu za biashara, ripoti ya mthamini iliyemchagua yenyewe, bima ya moto, na bima ya maisha ya mkopaji. Mthamini akiandika kwamba nyumba haikaliki, ombi linaweza kukataliwa hata kama hati ni safi. Hapo uliza kuhusu mkopo wa ujenzi. Mkopo huu hutolewa kwa awamu: benki hulipia sehemu ya ununuzi, kisha hutoa fedha ya kazi kila mtaalamu wake anapothibitisha kwamba hatua fulani imekamilika, nayo riba hutozwa juu ya kiasi kilichokwisha kutolewa. Udhaifu wake ni kwamba fedha hufuata kazi. Mkandarasi lazima aanze kwa mtaji wake au wako, na kila awamu unangoja ukaguzi, kwa hiyo weka kando taslimu ya kutosha kuendesha kazi ya mwezi mmoja na nusu bila benki.

KMRC, kampuni ya Kenya ya kufadhili mikopo ya nyumba, haikopeshi mtu mmoja mmoja, bali huzipa benki na Sacco fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe kwa riba ya chini ya asilimia 10. Uliza kama taasisi yako ni mshiriki wake na kama kipato chako na kiasi unachoomba vimo ndani ya viwango vyake vya wakati huo. Tofauti kati ya asilimia 9.5 na 14 kwa miaka 15 ni fedha ya kuezeka paa zaidi ya mara moja.

Sacco ndiyo mahali pa asili pa fedha ya ukarabati. Haihitaji kuiona nyumba, haijali lipu, na hutoa fedha yote kwa pamoja. Inajali akiba yako na wadhamini wako, na hapa nasema neno moja la kando: mdhamini wa Sacco anaweka rehani jasho lake, na kumshawishi mwenzako wa kazini akudhamini kwa nyumba ambayo hujaifanyia uchunguzi wa mhandisi ni dhuluma hata kama unadhamiria kulipa. Mwonyeshe ripoti.

Kwa asiyetaka riba, benki zinazofuata sharia zimekuwapo nchini tangu 2008. Njia ya kawaida ya kununulia nyumba ni musharaka inayopungua: benki nawe mnanunua kwa ubia, unalipa kodi kwa sehemu ya benki, na kila mwezi unanunua kipande cha sehemu hiyo mpaka nyumba iwe yako yote. Kwa ukarabati kuna murabaha, ambamo benki inanunua saruji, mbao na mabati kisha inakuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana tangu mwanzo. Murabaha inashughulikia vitu, haishughulikii ujira wa mafundi, na kwa nyumba za kale ujira ni sehemu kubwa ya gharama, kwa kuwa fundi anayejua chokaa hulipwa kwa siku na kazi yake haiendi haraka. Suala lingine la kuuliza ni nani anayebeba hasara nyumba ikiporomoka wakati benki bado ni mbia. Kwa misingi ya ubia, jibu linapaswa kuwa kila mmoja kwa sehemu yake, na mkataba useme hivyo.

Mfuko wa pensheni nao una milango miwili. Kanuni zinamruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 60 ya stahili zake kama dhamana ya mkopo wa nyumba, na tangu 2020 zinamruhusu kutoa hadi asilimia 40, kwa kikomo cha shilingi milioni 7, kununulia nyumba ya kuishi. Mlango wa kwanza unafaa mtu ambaye pengo lake la malipo ya awali ni dogo. Wa pili ningeuacha kwa nyumba mbovu: fedha ya uzeeni haipaswi kuingia mahali ambapo gharama haijulikani.

Kuna pia muuzaji mwenyewe. Muuzaji aliyekaa na nyumba sokoni miaka miwili anaweza kukubali kulipwa kwa awamu, hasa kama anajua kwamba benki imeshawakataa wanunuzi watatu. Njia hii inaokoa riba, lakini hati hubaki kwa jina lake. Wakili aandike mkataba kamili, aweke zuio kwenye masjala kulinda haki yako, na usianze ukarabati mkubwa kabla ya kulipa sehemu inayomzuia kurudi nyuma. Nimemwona ndugu akiezeka paa jipya kwenye nyumba aliyokuwa ameilipia robo tu. Muuzaji alipoiona ilivyopendeza, alikumbuka ghafla kwamba mkewe hakuwahi kukubali kuuza.

Hatua ya tano: mkataba wa mauzo

Kisa hicho kinatupeleka kwenye ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia kunahitaji ridhaa hiyo kwa maandishi, na hii inakuhusu mara mbili, kwa mke au mume wa muuzaji unaponunua, na kwa wako unapokopa. Mkataba wenyewe lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na ushuhudiwe. Makubaliano ya ardhi ya mdomo hayasimami mahakamani. Desturi ni malipo ya awali ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha. Kwa nyumba inayohitaji mkopo wa awamu, omba siku 120, na malipo ya awali yashikwe na wakili wa muuzaji kama amana hadi siku ya kukamilisha.

Ongeza masharti mawili ambayo muuzaji atayapinga. La kwanza, mkataba uvunjike bila adhabu na amana irudi iwapo benki itakataa kwa sababu ya hali ya jengo. La pili, sehemu ya bei izuiwe kwa wakili mpaka kodi za kaunti na kodi ya ardhi ya serikali zithibitishwe kulipwa. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, ni ya muuzaji, na uhamisho haukamiliki bila yeye kuimaliza. Muuzaji asiyekuwa na fedha hukwama hapo, na wewe unakwama pamoja naye, kwa hiyo wakili wako aiulize mapema.

Hatua ya sita: vibali

Kazi inayogusa nguzo, kuta za kubeba mzigo au paa inahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019, na mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Ujenzi ya Taifa. Ndani ya Mji wa Kale kuna uhifadhi juu ya hayo: wasiliana na ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya inayosimamia eneo hilo kabla ya kugusa mlango wa kuchongwa, roshani ya mbao au uso wa nyumba. Fanya hivyo kabla ya kusaini mkopo, kwa sababu sharti la kutumia chokaa na mbao mahali pa saruji na alumini hubadilisha orodha ya bei. Benki inayotoa fedha kwa awamu itataka kuona vibali hivi kabla ya awamu ya kwanza.

Hatua ya saba: fedha inapotoka

Fungua akaunti ya pekee ya ukarabati. Lipa kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa na mhandisi wako, na uzuie asilimia 10 ya kila malipo. Nusu yake ilipwe kazi ikikamilika, na nusu baada ya miezi sita, mvua moja kubwa ikiwa imeshapita. Ukinunua vifaa mwenyewe na kuwalipa mafundi ujira tu, utaokoa fedha, lakini lazima uwepo. Aliye Dubai au Minneapolis asijaribu njia hiyo kwa kutuma fedha kwa shemeji. Amlipe mhandisi asiyehusiana na mkandarasi ili athibitishe kila hatua kwa picha zenye tarehe na vipimo. Bima ya moto ya benki huenda isilipe ajali iliyotokea nyumba ikiwa tupu na wazi, kwa hiyo chukua pia bima ya kazi za ujenzi kwa miezi ya ukarabati.

Ukichelewa kulipa benki, usijifiche. Baada ya mwezi mmoja wa kuchelewa mkopeshaji anaweza kukupa notisi ya angalau miezi mitatu, na baada yake notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Huo ni muda wa kuomba mkopo upangwe upya, au wa kuuza mwenyewe, kwa sababu nyumba iliyokarabatiwa nusu hupata bei duni kwenye mnada.

Kazi ikimalizika, mwite mthamini tena. Katika mfano wetu, nyumba iliyothaminiwa 5,500,000 ikifika 9,000,000, benki sasa ina dhamana kubwa kuliko deni, na unaweza kuomba nyongeza ya kulipia salio la Sacco na kulihamishia kwenye miaka 15. Malipo ya mwezi yatapungua, ingawa riba ya jumla itaongezeka, na wadhamini wako watafunguliwa. Iwapo unaishi katika nyumba hiyo, weka hati za riba za kila mwaka: sheria ya kodi ya mapato inaruhusu kupunguza hadi shilingi 360,000 kwa mwaka za riba ya mkopo wa taasisi zinazotambuliwa, uliotumika kununua au kuboresha nyumba unayoikalia, na wengi hudai ile ya kununua tu, wakiisahau ile ya kuboresha.